Safari Rally Haikuanza Ikiwa Yetu

Wasee, kila mwaka tukifika Naivasha tunasema Safari ni yetu. Sawa. Lakini hebu tucheki ilitoka wapi.

Ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara ni vumbi na matope tu. Na kumbuka, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, watu wanafungwa juu ya Mau Mau. Yaani wengine wanakimbiza magari, wengine wanakimbizwa.

Sasa nani aliigeuza? Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho. Mwaka 1965 alishinda na Volvo iliyokuwa imeshatumika, akarudia 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mara tano, nne zikiwa mfululizo, 1979 hadi 1982. Wazungu wa timu kubwa walikuja na pesa, wakaachwa na watu wanaojua barabara zetu.

Baada ya 2002 tulitolewa kwa ubingwa wa dunia, tukarudi 2021.

So beba tenti, choma nyama, piga kelele. Lakini ujue hii kitu hatukupewa. Tulishinda.