Kitabuni Alipatikana Hai

Nilipokuwa mtoto pale Nyakato, Musoma, kaka yangu alitusomea Mashimo ya Mfalme Suleimani kwa mwanga wa taa ya chemli. Rider Haggard alikitoa kitabu hicho Uingereza mwaka 1885. Tafsiri ya Kiswahili ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1929. Ni kisa cha mtu aliyegombana na mdogo wake, akavuka jangwa kumtafuta, na mwishowe akamkuta hai.

Baadaye kaka alikwenda kutafuta dhahabu Buhemba. Hakurudi. Mama akawa anasema, "Yule wa kitabuni si alipatikana?"

Miaka ikapita ndipo nikaiona sinema ya Hollywood ya mwaka 1950, iliyopigwa huku kwetu Afrika Mashariki na kupata tuzo ya Oscar kwa picha zake. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini humo anayetafuta ni mke, Deborah Kerr, na mumewe anakutwa mifupa.

Watengeneza sinema wana haki ya kugeuza hadithi. Nasi tuna haki ya kuwasomea watoto kitabu kwanza. Mama sikumsimulia sinema ile.