Chuma Kilichozikusanya Ngoma

Anayeitazama bendi ikiwa jukwaani, jicho lake halikosi kuvutwa na dramu. Huziona ngoma zilizopangwa nusu duara, huyaona matoazi yakimetameta juu yake, akasadiki kwamba ameiona seti nzima. Yaliyobaki huyapita: mabomba ya chuma, stendi za miguu mitatu mitatu, springi, parafujo, nati zenye masikio, pedali zilizolala sakafuni. Hata wafanyabiashara wa Kiingereza wameyatia mabaki hayo fungu moja na misumari na bawaba, wakayaita kwa jina lile lile la bidhaa za duka la vyuma. Ilhali historia ya chombo hiki imo humo. Ngoma kubwa, ngoma ndogo na matoazi ni vyombo vikongwe, kila kimoja na nasaba yake. Kilicho kipya, kilichozuka baina ya miaka ya 1890 na miaka ya 1930 katika miji ya Marekani, ni chuma kilichovikusanya vyote mbele ya mtu mmoja aliyeketi.

Kuketi huko si jambo dogo. Kabla ya hapo mpiga ngoma wa bendi alikuwa mtu wa kusimama na kutembea. Bendi za kijeshi za Ulaya, ambazo katika karne ya 18 ziliiga ngoma kubwa na matoazi ya askari wa Kituruki, ziligawa kazi: mmoja alibeba ngoma kubwa kifuani, wa pili ngoma ndogo ubavuni, wa tatu matoazi mikononi. Mgawanyo huo si mgeni kwa watu wa Visiwani. Beni, iliyozuka katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, hadi leo husindikiza harusi za Unguja, na ngoma zake hugawanywa baina ya wapigaji. Anayetaka kujua dramu ilikuwaje kabla haijawa dramu, na aifuate beni mtaani.

Huko New Orleans, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, Wamarekani Weusi walikuwa na bendi zao za matarumbeta zilizotembea katika mazishi na maandamano. Wanamuziki hao walipoitwa ndani ya kumbi za dansi, mambo mawili yalibadilika: nafasi ilikuwa finyu, na mwenye ukumbi hakutaka kulipa watu watatu kwa kazi aliyodhani mmoja angeiweza. Basi mpigaji mmoja aliiweka ngoma kubwa sakafuni, akaiegemeza ngoma ndogo juu ya kiti ubavuni mwake, akawa anarusha vijiti huku na huko: pigo moja kubwa, mapigo mawili madogo. Ilikuwa kazi ya mbio na jasho, na kasi ya muziki ilikomea pale mkono ulipokomea. Wahenga wamesema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hapa kidole kimoja kililazimishwa.

Suluhisho lilikuwa kuupa mguu kazi. Miongoni mwa wanaotajwa mwanzo ni Dee Dee Chandler, mpiga ngoma Mweusi wa okestra ya John Robichaux mjini New Orleans, ambaye katika miaka ya 1890 alitumia pedali ya mbao kuipiga ngoma kubwa kwa mguu. Pedali nyingine za namna hiyo zilikuwako hapa na pale, nyingi zikiwa nzito na za polepole. Mwaka 1898 Ulysses Leedy wa Indianapolis alitengeneza stendi ya ngoma ndogo inayopandishwa na kushushwa, na kile kiti cha kuegemezea kikapata likizo. Mwaka 1909 William Ludwig, mpiga ngoma wa Chicago aliyezaliwa Ujerumani, alisajili hakimiliki ya pedali yake. Yeye na ndugu yake Theobald wakaanzisha kampuni, na shemeji yao Robert Danly, fundi mitambo, akaisaidia pedali hiyo itoke katika mbao na kuingia katika chuma.

Muundo wake haujaachwa mpaka leo. Kuna ubao wa kukanyagia, kirungu kilichofungwa kitambaa kizito, springi inayokirudisha kirungu baada ya pigo, na kibanio kinachoushika ukingo wa ngoma. Siri yote imo katika springi, kwa kuwa kukanyaga ni rahisi na kurudi ndiko kugumu. Pedali za mwanzo zilikuwa pia na kipande cha chuma kilichopiga toazi dogo lililofungwa ukingoni, hata mguu mmoja ukafanya kazi ya watu wawili kwa pigo moja.

Mikono ikawa huru, na penye mkono mtupu huingia kitu. Katika sinema zisizo na sauti mpiga ngoma alitakiwa atoe kwato za farasi, kengele, filimbi, mvua na radi. Vitu hivyo vilitundikwa juu ya fremu ya chuma iliyozunguka ngoma kubwa, na mkusanyiko wote ukapewa jina ambalo kwa Kiingereza ni sawasawa na neno "mtego". Hapo mfasiri mwenye haraka hunaswa, naye hunaswa mara mbili, kwani ngoma ndogo nayo ina jina la mtego katika lugha hiyo. Wala hakuna mtego popote. Jina la seti aghlabu huelezwa kuwa ni kifupisho cha neno la mzaha lenye maana ya mtambo wa kuungaunga. Jina la ngoma ndogo, snea, ni la ukoo mmoja na *snaar* ya Kiholanzi, yaani uzi, kwa sababu ya nyuzi zilizokazwa chini yake zinazoipa sauti ya mkwaruzo. Oktoba 1927 ilipotoka filamu *The Jazz Singer*, yenye sauti ya kusemwa na kuimbwa, kazi ya sinema ilianza kufa. Wanamuziki wengi walibaki bila ajira. Fremu na vikorokoro vyake vikaondoka pamoja nao.

Wakati huo mguu wa kushoto ulikuwa bado unatafuta shughuli. Mwanzoni uliwekewa mbao mbili zenye bawaba, kila moja na toazi lake, zikagongana kila zinapokanyagwa. Kisha kikaja kifaa cha bomba fupi kisichozidi urefu wa goti, nacho katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 kikarefushwa mpaka kikafika kiunoni, vijiti vikaweza kuyafikia matoazi yake. Ndiyo hai-hati, na jina lake linatunza kumbukumbu ya kuinuliwa huko: kilichokuwa chini sasa kiko juu. Wafaransa hukiita *charleston*, kwa dansi iliyotamba wakati kinazaliwa. Chombo ni kimoja. Lugha moja imekumbuka urefu wake na nyingine imekumbuka miguu ya wachezaji.

Nani alikibuni? Wanaotajwa ni wengi. Baby Dodds, mpigaji Mweusi kutoka New Orleans aliyefanya kazi katika mashua za starehe za mto Mississippi, alisimulia kwamba Ludwig alimwona akikanyagakanyaga kwa mguu wa kushoto, akaupima mguu wake, akamtengenezea kifaa cha matoazi. Dodds aliongeza kwamba hakukipenda. Katika miaka ya 1930 Jo Jones wa bendi ya Count Basie alihamishia humo kazi ya kushika mwendo, na dansi ikawa nyepesi kama mtu aliyevua viatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, huko Harlem, Kenny Clarke akauhamisha mwendo tena mpaka kwenye toazi kubwa lililotundikwa juu ya stendi. Kila kuhama kulihitaji chuma cha kukubebea, nacho chuma kilifuata alikokwenda mpigaji.

Matoazi yenyewe yalikuwa na safari ndefu zaidi. Mapokeo ya ukoo wa Zildjian husema kwamba mwanzoni mwa karne ya 17 Mwarmenia wa Istanbul aitwaye Avedis aligundua namna ya kuchanganya shaba na bati hata toazi likalia bila kupasuka, na Sultani akampa jina hilo: *zil* ni toazi, *ji* ni mwenye kulifanyia kazi, *ian* ni mwana wa. Jina moja limekusanya Kituruki na Kiarmenia, kama seti inavyokusanya ngoma. Mwaka 1929 kazi hiyo ya ukoo ilianzishwa Massachusetts. Ngoma za tomu nazo zilianza kwa kuletwa kutoka China, zikiwa na ngozi iliyopigiliwa misumari isiyoweza kukazwa wala kulegezwa. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Slingerland, kwa kazi iliyohusishwa na Gene Krupa wa bendi ya Benny Goodman, ilitoa tomu zenye parafujo juu na chini. Kishikizo kinachopokea parafujo hiyo ubavuni mwa ngoma huitwa kwa Kiingereza neno la kale lenye maana ya sikio. Msamiati wote ndivyo ulivyo. Mkono wa chuma unaolitandaza toazi mbali na stendi una jina la mti wa tanga, ambao baharia wa kwetu angeukaribisha na foromali. Miguu ya ngoma kubwa ina jina la kichokoo cha mpanda farasi. Kiti kidogo cha mviringo anachokalia mpigaji kimepewa jina la kiti cha enzi.

Thamani ya chuma hicho ilionekana kilipokosekana. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, serikali iliamuru chuma katika ala nyingi za muziki kisizidi asilimia 10 ya uzito wake. Makampuni yakatengeneza seti zenye masikio ya mbao na pete za mbao. Zililia, maana ngoma ni ngozi na mti tangu asili. Hata hivyo, vita vilipokwisha hakuna aliyetaka kubaki nazo, kwa kuwa muziki ulikwisha kuzoea mwili uliobebwa na chuma.

Bendi za dansi za Afrika Mashariki ziliyapokea majina hayo pamoja na mabomba yake: dramu, snea, pedali, stendi. Toazi limebaki toazi, nayo tumba imeingia pamoja na muziki wa Cuba, ikakaa ubavuni mwa dramu na mpigaji wake mwenyewe. Si aibu kukopa. Lakini majina ya mkopo yakipokewa bila hadithi zake, husahaulisha kwamba kila kipande kiliwekwa badala ya mtu: pedali badala ya mbeba ngoma kubwa, hai-hati badala ya mshika matoazi, stendi badala ya bega.

Vilevile husahaulisha ni nani aliyeanza. Ludwig hana hatia. Alikuwa mpiga ngoma mwenye njaa ya kazi kama wenzake, na pedali yake ilikuwa nzuri. Ila yeye alisajili. Tarehe 9 Februari 1964, Ringo Starr alipopiga na Beatles kwenye televisheni ya Marekani, jina la Ludwig lilisomeka juu ya ngozi ya ngoma kubwa mbele ya mamilioni ya watazamaji. Jina la Dee Dee Chandler halikuandikwa juu ya ngoma yoyote, wala halikupewa kifaa chochote kati ya vile vinavyouzwa madukani. Kilichobaki kutoka kwake ni ile kazi ya mguu wa kulia.