Msingi wa kompyuta kwa vijana wanaotaka kusaidia programu huria

Vijana wa makanisa yetu wanatuuliza: je, mtu aliye Beni au Bukavu anaweza kusaidia kutengeneza programu ambazo dunia nzima inatumia kwa kufundisha mashine? Anaweza. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yako wazi. Kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyanakili na kupendekeza masahihisho. Scikit-learn, kwa mfano, ilianza mwaka 2007, na toleo lake la kwanza la wazi lilitolewa mwaka 2010 na watafiti wa INRIA, Ufaransa.

Shida tunayoiona ni haraka. Kijana anarukia akili bandia moja kwa moja, anakwama, kisha anasema kompyuta si fungu lake. Kumbe alikosa msingi tu.

Tazama kazi ya kutafuta. Daftari la majina 1,000,000 yasiyopangwa laweza kukudai uyapitie yote. Yakipangwa kwa alfabeti, unafungua katikati, unaacha nusu isiyo na jina lile, unarudia. Hatua 20 zinatosha. Ndivyo sisi sote tunavyotafuta wimbo kitabuni! Hiyo ni algoriti. Tena, mwambie Python ajumlishe 0.1 na 0.2: atajibu 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja. Asiyejua hilo atatangaza kosa mahali lisipo. Hesabu za matrisi nazo hazikwepeki.

Halafu kuna Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kinafanya kazi bila mtandao: unapakua mara moja, unafanya kazi mchana kutwa, jioni unanunua mega kidogo na kutuma.

Mchango wa kwanza uwe mdogo: maelezo yasiyoeleweka, au mfano uliokataa kufanya kazi. Wanaotunza programu hizi wengi ni wajitolea. Jibu laweza kukawia, na kazi yako yaweza kurudishwa na maswali. Usikasirike, jibu swali moja moja. Mazungumzo ni kwa Kiingereza, mzigo kweli kwa waliosoma Kifaransa, lakini sentensi fupi zinatosha.

Kinande, Mashi na Kilega zina maandishi machache sana kwenye intaneti. Mashine ikikosea katika lugha hizo, mgeni hataona.

Wa kuanza wasome maelezo rasmi ya Python. Sehemu yake imekwisha kutafsiriwa kwa Kifaransa.