Jembe Limevuka Mito: Ngoma za Wasukuma Ugenini

Msukuma akihama, wenyeji wake wapya huanza kuona ng'ombe. Ngoma huja nyuma, na husikika siku shamba la kwanza linapolimwa kwa pamoja.

Chukua mfano wa Mkula, iliyoko wilayani Busega, katika mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba na mifugo, na kutoka mashariki hii ya Usukuma, malisho yalipobana, familia nyingi zilihama na makundi yao. Nyingine zilikwenda Geita, nyingine Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero.

Lakini safari ni ya zamani kuliko ng'ombe hao. Katika karne ya 19 vijana wa Usukuma na Unyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, wakiimba ili mguu uende pamoja. Wawindaji wa ndovu, Bayege, walikuwa na nyimbo zao, na Bayeye, mafundi wa nyoka, walikuwa na zao. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Mwanza mwaka 1928. Mzigo ukatoka begani, lakini wimbo haukutupwa njiani: uliingia shambani, ukapewa maneno ya jembe. Mtafiti Frank Gunderson, aliyechapisha kitabu kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma mwaka 2010, ameufuata mkondo huo kwa subira inayostahili shukrani.

Kinachoifanya mbina, yaani ngoma ya Kisukuma, iishi ni ushindani. Bagika na Bagalu, vyama viwili vikuu vya ngoma, hukutana baada ya mavuno, kila kimoja na manju wake, anayeitwa ningi, na dawa zake. Hupiga kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati. Ndiyo maana ningi hutunga upya kila msimu. Wimbo wa mwaka jana haumhamishi mtu upande.

Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliliona hilo. Huko Bujora, Kisesa, tangu miaka ya 1950, alikusanya ngoma na vifaa vya watemi, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuyapa mashindano uwanja katika sikukuu ya Bulabo, kila Juni. Ngoma iliyo kabatini huhifadhi ngozi na mti tu. Mapigo huhifadhiwa na mikono inayoshindana.

Wahamaji wanastahili uwanja kama huo huko waliko, na majirani zao wakaribishwe kucheza, maana hakuna sheria ya mbina inayomtaka mchezaji awe Msukuma. Bagamoyo imeshaonyesha. Tangu chuo cha sanaa kianzishwe mwaka 1981, vijana wa makabila mbalimbali wamejifunza hapo bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, wakirusha jembe juu na kulidaka, katika mji uleule ambako wapagazi walitua pembe zao.