Dhamana ya Jirani: Mikopo ya Vikundi na Kipato cha Mkulima wa Isansa

Tunapozungumza juu ya mikopo midogo, twatazama kwanza fedha: kiasi, riba, na siku ya kurejesha. Katika makala haya twapenda kutazama kitu kilichozitangulia fedha hizo, yaani ujirani wenyewe, ambao wataalamu wa uchumi huuita mtaji wa kijamii.

Uchunguzi uliofanyika vijijini Tanzania mwaka 1995, ambao Deepa Narayan na Lant Pritchett waliutolea matokeo mwaka 1997, uliuliza watu wamo katika vikundi gani: vyama vya mazishi, makanisa, misikiti, vikundi vya wanawake, na kadhalika. Ilionekana kwamba kijiji kilichovizidi vingine kwa wastani katika jambo hilo kilikuwa na kipato cha kaya kilichozidi kwa asilimia 20 hadi 30. Tena faida hiyo ilikuwa ya kijiji kizima. Hata asiyejiunga na kikundi aliipata kwa kuishi kati ya majirani wa namna hiyo.

Isansa, kata ya wakulima wa kahawa wilayani Mbozi, haikuletewa ujirani na mkopeshaji. Ulijengwa na mazishi, na kusaidiana shambani, na usharika (ndugu zetu Wamoraviani walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899), na ushirika wa mazao. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Soko la kahawa likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi miaka ya 1990, na mwaka 2018 mauzo yakarudishwa kwenye vyama vya msingi. Kuzikana hakukungoja tangazo lolote.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 taasisi kama PRIDE Tanzania zilieneza mikopo ya vikundi, ambamo mmoja akishindwa wenzake hulipa. Mfanyabiashara wa Tunduma, mpakani na Zambia, aweza kurejesha kila juma, maana huuza kila siku. Mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu. Akidaiwa kila juma, hukopa kwa jirani ili amlipe mkopeshaji. Kipato hakiongezeki, na ujirani waliwa. Sisi tuzuruo washarika twajua kwamba mwenye deni la namna hiyo huanza kukwepa hata ibada.

Martin Luther, katika maandiko yake ya mwaka 1524 juu ya biashara na riba, aliukemea udhamini, akiegemea Mithali: amdhaminiye mwenziwe huahidi kesho ambayo ni ya Mungu. Lakini mwaka 1864 Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya Mprotestanti wa Heddesdorf huko Ujerumani, aliunda chama ambacho wanachama wote waliwajibika kwa mali yao yote. Je, alimpinga Luther? Kwa maoni yetu, si sana. Chama chake kilikaa ndani ya eneo dogo la watu wanaojuana, kikakopesha kwa muda mrefu, na wakopeshaji ndio waliobeba hasara. Mkopeshaji wa nje huibakiza hasara kijijini.

Vikoba, mfumo uliochipuka Niger mwaka 1991 kwa msaada wa CARE, viko karibu zaidi na Heddesdorf, kwa kuwa fedha ni za wanachama wenyewe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka chini ya usajili. Mikopo yake ni midogo, haimtoshi atakaye kununua mashine ya kumenyea kahawa. Lakini hupangwa na watu wanaoujua msimu wa mavuno.