Minyororo na Njia ya Kurudi Nyumbani

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunakutana na mtu asiye na makao. Alilala makaburini, akipiga kelele usiku na mchana na kujikata kwa mawe. Watu wa nchi ile walikuwa na dawa moja tu kwake, nayo ni pingu na minyororo. Walimfunga mara nyingi, akaivunja, wala hatusomi kwamba walijaribu njia nyingine.

Wapendwa, tukiitazama historia ya nchi zetu tunaiona minyororo hiyo ikiandikwa katika sheria. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uzururaji. Vita dhidi ya Napoleon vilikuwa vimekwisha, na askari walioachishwa kazi walikuwa wakirandaranda pamoja na maskini wengine. Badala ya kuwatafutia makazi, sheria ile ilimhesabu kuwa mhalifu mtu aliyelala nje na kushindwa kueleza anaishije. Wakoloni walikuja na fikra hiyo Afrika Mashariki. Kanuni za Adhabu zilizotungwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika ziliweka makosa ya uzembe na uzururaji. Uhuru ulipokuja, bendera zilibadilika, makosa hayo yakabaki.

Sheria ya namna hiyo haiulizi kwanza kama mtu ni mgonjwa. Mgonjwa wa akili akichokwa na nduguze huishia stendi au sokoni. Njaa ikimbana, huchukua ndizi gengeni. Usiku hukutwa barazani pa duka. Hukamatwa, huwekwa mahabusu bila dawa, kisha hurudi mtaani akiwa na hali mbaya kuliko alivyoingia. Mahakama ikitilia shaka akili yake, huweza kuamuru apelekwe Isanga, Dodoma, akachunguzwe. Hivyo wako wanaomwona daktari wa akili kwa mara ya kwanza kwa sababu wameshtakiwa. Zahanati ya karibu ingeweza kumsaidia mapema, kama ingekuwa na dawa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Kanisa pia lina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1896 wamishenari wa Kijerumani walianzisha kituo Lutindi, katika milima ya Usambara, kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1905 kituo hicho kilianza kupokea wagonjwa wa akili. Kazi hiyo ilifanyika chini ya utawala wa kikoloni, nayo haikuwa na kasoro chache. Hata hivyo wagonjwa walipewa mahali pa kulala, chakula na kazi ya mikono, na hadi leo Hospitali ya Lutindi inaendelea chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume cha Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sheria ikifutwa bila huduma kuongezwa, mgonjwa ataachiwa kutoka mahabusu na kurudi barazani palepale.

Bwana Yesu alipomponya yule mtu, alimwagiza arudi nyumbani kwa watu wake. Agizo hilo linatuhusu sisi tunaokaa nyumbani. Je, atapata kitanda? Nani atamkumbusha dawa, na nani atamchangia nauli ya kliniki kila mwezi? Jumuiya zetu huchangia misiba na harusi bila kuombwa mara mbili. Tuanze kumhesabu na huyu, kwa jina lake, katika orodha ya wagonjwa tunaowatembelea.