Saa ya Baraka na Saa ya Brussels

Jua linapochomoza upande wa rasi ya Ubwari na kumulika mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, saa huwa inakaribia 12 asubuhi, iwe Januari au Julai. Baraka iko kama nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku ndefu kuliko zote huizidi iliyo fupi kuliko zote kwa takriban nusu saa. Huko Brussels tofauti hiyo inapita saa 8.

Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington na kuichagua Greenwich kuwa mahali pa kuanzia hesabu ya saa. Kila nyuzi 15 za kuelekea mashariki huongeza saa moja. Jua huchukua zaidi ya saa nzima kuivuka Kongo, na nchi hiyo leo ina saa mbili: ya Kinshasa, iliyo saa 1 mbele ya Greenwich, na ya Lubumbashi, iliyo saa 2 mbele. Baraka inafuata Lubumbashi.

Je, ni jua linalopanga saa, au ni serikali? Kwa Baraka jua linatosha kuwa jibu, maana saa 6 mchana huwa karibu kabisa na kilele chake. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kigoma, jua hilohilo hufika kileleni yapata saa 7 mchana, kwa sababu Tanzania yote hufuata saa moja inayolingana zaidi na pwani. Abiria wa boti kutoka Kigoma hurudisha saa yake nyuma, ingawa jua halijabadilika hata kidogo.

Kuna serikali ambazo hata husogeza saa kila majira. Desturi hiyo ilianza kuwa sheria ya taifa zima Ujerumani, tarehe 30 Aprili 1916. Husemwa mara nyingi kuwa ilibuniwa kwa ajili ya wakulima. Maelezo hayo ni dhaifu, kwani wakulima wengi waliipinga: ng'ombe hasomi saa. Sababu yenye uzito zaidi ni vita, na haja ya kuokoa makaa ya mawe yaliyowasha taa za jioni. Siku hizi Ubelgiji husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Kompyuta zilipoenea, kanuni hizo ziliandikwa ndani yake. Tangu 1986 Arthur David Olson na wenzake walikusanya saa za dunia katika orodha moja, ambamo Kinshasa na Lubumbashi zina majina yao.

Sasa chukua kompyuta iliyotumika Ulaya, ikafika Baraka mwezi Julai ikiwa bado imepangiwa Brussels. Itaonyesha saa sahihi, kwa kuwa Ubelgiji wa kiangazi na Kongo ya mashariki huwa sawasawa, na mwenye nayo hatashuku lolote. Oktoba ikiisha, itarudi nyuma na kuonyesha saa ya Kinshasa. Akiisogeza mbele kwa mkono badala ya kubadili eneo kuwa Lubumbashi, na mashine isipounganishwa na intaneti, kosa litalala hadi Machi. Hapo kompyuta itajiongezea saa nyingine, na mtu aliyeketi Baraka atakuwa anasoma saa ya Kigoma.